Raba ya Elfu Kumi na Nane

Kiatu kilimegukia mkononi mwangu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, sokoni Darajani, Unguja, wauzaji wa mitumba ndiyo kwanza wanapanga meza zao, na mimi nimeshika raba nyeupe, safi, soli nene, kamba zake bado zina ule ugumu wa dukani. Nikaibonyeza kwa kidole gumba pale juu ya kisigino, kama ninavyobonyeza kila kiatu kabla sijauliza bei. Kidole kikazama. Ukatokea ufa, kisha punje za manjano zikadondoka mezani kama makombo ya keki iliyolala siku tatu.

"Shekhe, unaniharibia mali," muuzaji akasema.

"Ami, hiki kimekufa siku nyingi. Hebu jaribu na cha pili."

Akakichukua, akakibonyeza mwenyewe, nacho kikafanya vilevile. Alinyamaza kidogo, akaviokota vyote viwili, akavitia kwenye gunia chini ya meza. Hakugombana nami. Balo alilinunua kwa fedha zake bila ya kujua ndani mna nini, na hasara ni yake peke yake.

Pembeni yangu alisimama kijana wa miaka 14, kavaa malapa, macho bado yako kwenye lile gunia. Alikuwa ameshaipenda ile raba nyeupe.

Jioni ya jana yake mama yake alinisimamisha chini ya jumba lao, Michenzani, akanitia mkononi noti mbili za elfu kumi. "Mwanangu, nakuomba umtafutie kiatu. Kama kuruka hamuachi, basi asiruke na malapa." Nikampokea kwa mikono miwili. Shilingi 20,000 za mama anayeuza maandazi si fedha ya kwenda kujaribia bahati.

Mzazi akikuamini hivyo, huna budi kujua unachokitafuta. Mimi nimejifunza kwa kuumia, na vijana ninaofanya nao parkour, mchezo wa kuruka na kuvuka kuta, wananiuliza kila wiki, "Kaka, ninunue kiatu gani?" Basi leo nalieleza lote.

Nianze na ile keki. Soli ya raba nyingi ina tabaka mbili: chini mpira unaogusa ardhi, juu yake povu la kulainisha mguu. Baadhi ya viatu povu hilo ni la poliyurethani, na poliyurethani adui yake ni unyevu. Maji yaliyomo hewani huivunjavunja polepole kutoka ndani, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kikae kabatini Ulaya miaka kadhaa, kipigwe joto kwenye kontena baharini, kije kilale kwenye bohari la pwani yetu hii ambayo hata chumvi mezani inalowa, na siku ya kuvaliwa kinameguka. Ngozi ya juu itabaki inang'aa. Ndiyo maana raba iliyo safi kupita kiasi kwenye meza ya mitumba huniogopesha kuliko iliyochakaa kidogo: iliyochakaa ilikuwa inavaliwa juzi tu, safi huenda imewekwa miaka kumi. Bonyeza kwa kidole, upande wa ndani na wa nje. Ukiona mikunjo midogo kama ya uso wa mzee, au kidole kikiacha shimo lisilorudi, weka chini.

Sasa fikiri kiatu hicho kikimeguka si mkononi, bali wakati mtoto yuko hewani baina ya kuta mbili.

Majirani wanaita sarakasi. Siwalaumu, kwa mbali inafanana. Lakini parkour haihitaji jukwaa wala watazamaji. Ni kutoka hapa hadi pale kwa mwili wako mwenyewe, ukivuka kilichopo katikati, iwe ukuta, ngazi au pengo, bila ya kuumia na bila ya kuharibu. Ilianzia Ufaransa, kwenye miji ya Lisses na Évry, kusini ya Paris, mwishoni mwa miaka ya 1980. David Belle alikuwa kijana tu. Baba yake, Raymond Belle, mzaliwa wa Vietnam, alikuwa zimamoto wa Paris, hodari wa kupanda na kuokoa, na mwanawe alichukua kwake wazo la kwamba mazoezi lazima yawe na faida: yakufikishe kwa mtu aliyekwama, yakutoe penye hatari. Yeye na wenzake wakawa wanafunzana barabarani, na mwaka 1997 kundi lao likajiita Yamakasi.

Neno hilo ni la Kilingala. Sisi tukisikia makasi tunamfikiria fundi cherehani, lakini kwa Kilingala makasi ni nguvu, na ya makasi ni kitu kilicho imara. Siku nilipolijua hilo nilitembea na furaha mpaka usiku. Mchezo tuliouona kwenye simu tukadhani ni wa watu wa mbali, jina la kundi lake la kwanza limetoka kwenye lugha ya nyimbo tulizozicheza harusini tangu utotoni, hata kama maneno yake tulikuwa hatuyaelewi.

Na Évry wenyewe ni mji wa zege, uliopangwa na serikali ukajengwa kwa pamoja, wenye majumba marefu, njia za juu na chini, ngazi kila pahali. Nikitazama picha zake naiona Michenzani: yale majumba yetu yaliyonyooka kama treni, ya zama za Mzee Karume na urafiki wake na Wajerumani Mashariki. Kuta fupi za kukalia, vidaraja vya kuingilia ngazini, vyuma vya kushikia. Aliyeyajenga hakufikiria kuruka. Lakini mtoto wa Michenzani akishaona mara moja kwamba ukuta ni njia, hawezi tena kuuona ukuta tu.

Vijana wale wa Lisses hawakutengenezewa kiatu na mtu. Walivaa raba walizokuwa nazo. Viatu vilivyoandikwa jina la parkour vilikuja baadaye sana, na hata vilipokuja, kilichopendwa zaidi na wanaoruka Ufaransa na Uingereza kwa miaka mingi kilikuwa Kalenji Ekiden, raba ya kukimbilia ya duka la Decathlon, nyepesi, ya rahisi mno, isiyo na madoido. Wengine walichukua Feiyue, raba za kitambaa kutoka Shanghai wanazovaa wacheza kung fu, zenye soli nyembamba ya mpira mtupu. Nayasema haya kwa sababu kijana wetu akiona kiatu cha laki mbili kwenye simu huamini kwamba umasikini ndio unaomzuia kuruka vizuri. Waliouanzisha na kuukuza mchezo wameruka na raba ambazo kwa hali yao zilikuwa kama hizi zetu za Darajani. Na Kalenji zenyewe, kwa kuwa mitumba mingi inatoka Ulaya, huonekana mezani. Mimi nimezikuta mara tatu. Watu wanazipita kwa kuwa jina hawalijui, na ndiyo salama yetu.

Niliumia mwaka wangu wa pili. Nilikuwa nimekusanya fedha miezi mitatu nikanunua raba za kukimbilia, zenye jina kubwa, soli imepinda kama jahazi, kisigino kimeinuka. Shilingi 45,000. Nilizivaa siku ya kwanza nikahisi natembea juu ya godoro. Siku ya nne nikaruka kutoka ngazi ya pili kwenda juu ya ukuta mfupi, upana wake kama viganja viwili, mruko ambao nilikuwa nimeshaufanya mara mia nikiwa peku. Nikatua, lakini badala ya kutua na ile nyama nene iliyo nyuma ya vidole, nikatua mbele kidogo kuliko nilivyokusudia, ukingo wa ukuta ukaingia kwenye uvungu wa unyayo.

Pale katikati, baina ya mpira wa mbele na mpira wa kisigino, kiatu kile kilikuwa na kipande cha plastiki ngumu, kinang'aa, kimepambwa kwa rangi ya fedha. Sikuwahi hata kukitazama. Plastiki juu ya zege laini ni sabuni. Miguu yote miwili ilikwenda mbele kwa pamoja na muundi wa kulia ukashuka juu ya ukingo. Nakumbuka sauti kuliko maumivu. Sikuvunjika, alhamdulillahi, lakini nilikaa wiki sita bila ya kuruka, na kovu lipo, refu kama kidole cha shahada.

Tangu siku ile kiatu nakipindua kwanza. Sitazami uso wake mpaka soli imenijibu.

Ninachotaka ni mpira mmoja, kipande kimoja, kutoka ncha ya vidole hadi kisigino, bila ya daraja la plastiki katikati na bila ya shimo. Hili ndilo la kwanza na sitoi nafuu. Kiatu kikiwa na kila uzuri mwingine lakini katikati kina plastiki, nakirudisha. Mguu hautui kila siku pale ulipopanga utue, na siku ya kukosea ndiyo siku unayoihitaji ile sehemu ya katikati.

La pili ni mpira wenyewe. Kuna mpira na kuna plastiki inayojifanya mpira, na kwa macho zinafanana. Mimi hukiweka kiatu sakafuni, nikakilalia kwa uzito wa kiganja, nikakisukuma mbele. Mpira unang'ang'ania, unatoa mlio mfupi kama wa panya, na ukizidi kusukuma kiatu kinakwenda kwa kurukaruka. Plastiki inateleza tu, kimya. Mezani Darajani si rahisi kupata sakafu nzuri, kwa hiyo nachovya kidole gumba majini, nakipitisha juu ya soli: mpira mzuri unakamata kidole hata ukiwa mbichi. Harufu nayo inasaidia. Soli ya plastiki mpya ina ule ukali wa mpira wa kumwagilia bustani, unaukuta kwenye viatu vingi vipya vya bei nafuu vilivyopangwa vibandani, vizuri kwa sura, vizito, na mvua ikinyesha hatari tupu.

Mpira wa zamani una tatizo lake. Unakauka, unakuwa na ngozi inayong'aa kama kioo. Huo haujafa wote. Ukwaruze kwa ukucha. Ukitoa unga mweusi chini yake kukawa kulaini, nunua, ukifika nyumbani upitishe msasa mpaka ngozi ile itoke. Nimeokoa viatu viwili hivyo. Lakini ukucha ukiteleza kama juu ya sahani, acha.

Mikato ya soli iwe midogo na mingi, isiwe mirefu. Yale meno makubwa ya viatu vya kupandia milima yanapendeza kwenye tope, ila juu ya ukingo wa ukuta unasimama juu ya meno mawili tu, na baada ya mwezi yanaanza kung'oka moja moja. Njumu za mpira sizitaji hata. Viatu virefu vya mpira wa kikapu ni vizito na vinafunga kifundo cha mguu, nacho kifundo kinatakiwa kiwe huru. Katambuga nazipenda kwa kutembelea, babu yangu alivaa maisha yake yote, lakini mpira wa tairi ni mgumu na haupindi.

Kupinda, basi, ndiyo jambo la tatu. Shika ncha kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, kikunje. Kikunjike pale panapokunjika mguu, chini ya vidole, si katikati. Kisha kisokote kama unakamua nguo. Kikikubali kidogo, mguu wako utausikia ukuta. Kikikataa kabisa, utakuwa umefunga mbao miguuni.

Juu ya unene wa soli watu wanabishana na wataendelea kubishana. Wapo wanaosema nene ndiyo inayolinda magoti. Mimi nimeshavaa zote mbili na msimamo wangu ni huu: godoro chini ya mguu linamfundisha mtu kutua vibaya. Anatua na kisigino, kwa kishindo, na kwa kuwa hasikii maumivu anadhani amefanya sawa, mpaka goti linapoanza kumwambia miezi sita baadaye. Aliyevaa soli nyembamba akitua na kisigino analipa palepale, na mara ya pili anatua mbele ya unyayo, magoti yanakunjika, makalio yanashuka, na sauti haisikiki. Kutua kimya ndiko kunakolinda magoti. Ila zege ni zege, na mtoto bado mifupa inakua. Kwa anayeanza nachagua soli ya unene wa kidole changu kidogo hivi, sawa mbele na nyuma, kisigino kisiinuke.

Halafu kuna raba nyeusi za skuli, zile za kitambaa na mpira. Watoto wanaziona za fedheha kwa kuwa ni za sare. Mimi nazisifu. Soli yake ni bapa, mpira mmoja mwanzo hadi mwisho, inakunjika kama chapati, na bei yake mpya kabisa inakaribia bei ya mtumba. Kasoro zake nazo nazisema: ndani hamna kitu, visigino vinauma wiki za mwanzo, na kitambaa cha mbele kinatoboka haraka kwa anayefanya mazoezi ya kuukimbilia ukuta na kuupanda, kwa sababu ncha ya kiatu inasugua ukuta kila mara. La kwanza linatibika kwa soli ya ndani kutoka kwenye kiatu kingine kilichokufa. La pili ni la fundi. Binti wawili kwenye kundi letu wanafanyia mazoezi raba hizo hizo tangu mwaka jana, na hakuna anayetua kimya kuliko wao.

Mtu ataniuliza kuhusu peku. Vijana wa makachu pale Forodhani wanaruka peku kila jioni, mgongo nyuma, kichwa chini, na jiwe la ukingoni limelowa. Nimekaa nao, nimejifunza kwao. Vidole vyao vinalishika jiwe kama mkono. Lakini wao wanatua majini, na wanayajua maji yao: yakipwa hawaruki. Chini ya majumba yetu kuna vipande vya chupa, misumari na nyaya. Peku tunafanya mara moja kwa wiki, kwenye mchanga au majani, ili mguu usisahau kazi yake.

Hatufanyii mazoezi Mji Mkongwe, na hili nalisisitiza kwa sababu wageni wa mchezo huu hupenda kupiga picha huko. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zina umri kuliko babu zetu. Hazikujengwa zipigwe teke. Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, iliporomoka na watu wakafa, bila ya kurukiwa na mtu. Chokaa inamomonyoka chini ya soli yoyote, iwe ya elfu kumi au ya milioni, na masika ikifika kuta zinaota ule utelezi wa kijani ambao hakuna mpira unaoushinda.

Turudi Darajani. Tulizunguka meza kumi na moja. Niliziacha zile zenye plastiki katikati, ambazo ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na zile zilizoshonwa upya soli isiyo yake. Kwenye meza ya kumi na mbili, chini kabisa ya rundo, mvulana akavuta raba ya buluu iliyopauka, alama ya pembeni imefutika, ulimi umekunjamana. Hakuniambia kitu. Akaipindua. Soli ya mpira wa kahawia, kipande kimoja, imelika kidogo upande wa nje wa kisigino. Akaibonyeza kwa kidole gumba, ikarudi. Akachuchumaa, akaisukuma kwenye saruji ya mfereji, nami nikasikia ule mlio.

"Kaka," akasema, "hii inashika."

Muuzaji alikuwa mzee, kavaa kofia ya kiua, anatutazama muda wote. "Kumbe mnajua viatu," akasema. "Elfu ishirini na tano."

"Shikamoo ami. Tuna elfu kumi na tano."

"Marahaba. Kumi na tano hata mimi sikuipatia."

Tulifika 18,000. Ilikuwa nambari 41 na mguu wake ni 40. Hapa palikuwa na mtihani, kwa sababu mama yake alikuwa ameniusia kabisa: "Kubwa kidogo, akue nacho." Kila mzazi anasema hivyo na ana haki, mtoto wa miaka 14 mguu unakimbia kuliko mshahara. Lakini kiatu kikubwa kwenye ukuta ni hatari ya peke yake. Ncha inatangulia mguu, inagonga ukingo kabla ya wewe kufika, na ndani mguu unasafiri mbele wakati wa kutua. Nikamvalisha na soksi nene aliyokuja nayo mfukoni, nikabonyeza mbele ya kidole gumba. Nafasi ilikuwa ya nusu ukucha. Nikamwambia asimame kwa ncha juu ya ukingo wa mfereji ahesabu mpaka thelathini. Kisigino hakikutoka. Nikatoa fedha.

Elfu mbili zilizobaki tulimpelekea fundi viatu, yule anayekaa chini ya mwarobaini, kwa sababu mpira wa mbele ulikuwa umeanza kuachana na kitambaa. Ningeweza kubandika kwa gundi mwenyewe. Gundi peke yake haidumu kwenye kazi yetu. Ukiupanda ukuta mara ishirini, ncha inafunguka kama mdomo. Inatakiwa ishonwe. Nilimwomba fundi jambo moja ambalo mwanzo alinishangaa: kabla ya kushona achore mfereji mdogo kwenye soli kwa kisu, uzi ulale ndani yake. Uzi ukikaa juu, ndio unaogusa zege kwanza, unalika kwa wiki mbili, na mshono wote unafumuka. Mzee alivua miwani, akakitazama kiatu, akanitazama mimi. Kisha akachukua kisu. Mkono wake ulikwenda taratibu, mstari mmoja, umenyooka, kina chake kama unene wa sarafu. Akafuata na msharasi, uzi wa nailoni umepakwa nta, akivuta kila tundu mpaka kamba ikazama isionekane. Kijana alichuchumaa mbele yake muda wote, haongei. Alipomaliza, fundi alipitisha kidole juu ya mshono akasema, "Huu hausikiki."

Aliporudisha kiatu aliuliza cha nini hasa. Nikamweleza. Akasema ujanani kwake walikuwa wakiruka kutoka ukuta wa bandarini, na kwamba kiatu walikuwa nacho kimoja tu, cha Idi.

Siku ile ile baada ya alasiri tulikuwa chini ya jumba. Sikumruhusu ukuta. Kiatu kipya, hata kikiwa cha zamani, kina urefu wake na uzito wake, na mguu haujakizoea. Nilichora mistari miwili ya chaki kwenye zege, futi tano baina yao, nikamwambia atue juu ya mstari kwa mbele ya unyayo, visigino hewani, asitikisike. Mara kumi mfululizo. Akikosa moja anaanza upya. Kabla ya kila mruko anafuta soli kwa kiganja, kulia, kushoto, kwa sababu upepo wa Michenzani unaleta mchanga mwembamba usioonekana, na mchanga baina ya mpira na zege unageuka magurudumu. Mwanzo alikuwa anasahau. Alikosa ya tatu, akakosa ya sita, akakosa ya tisa, uso umemvimba. Wenzake walikaa ukutani, hakuna aliyecheka.

Raundi ya nne akafika kumi. Sikusikia kitu, ila pumzi yake.

Jua lilipokaribia kuzama nikawaambia basi. Sheria yetu ni kwamba raba ya mazoezi haiendi dukani, haiendi sokoni, haichezi mpira. Soli inaliwa zaidi na kutembea kuliko kuruka, na zetu hatuna za kubadilisha. Alikaa chini akafungua kamba, akazifunga pamoja, akaitundika begani, akaanza kupanda ngazi na malapa yake.

Kutoka juu mama yake akachungulia. "Haya, kiatu kiko wapi? Mbona umerudi na malapa?"

Akasimama katikati ya ngazi, akaishika raba kwa mikono miwili, akaipindua, akamwonyesha soli.